Visambazi Vipya, Mwendo wa Kobe: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Wi-Fi Kuzorota

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hivyo ndivyo tulivyo wanadamu. Tukiletewa kitu kipya tunakishangilia kabla hata hatujakijaribu, na kikitushinda tunakilaani kabla hatujakichunguza. Yote mawili ni makosa. Katika makala haya, mpenzi msomaji, nataka tujifunze pamoja jambo moja ambalo limesumbua ofisi nyingi, shule nyingi na hata nyumba za watu: Wi-Fi kuwa polepole kwenye vipakatalishi mara tu baada ya kuwekwa vifaa vipya vya kuisambaza. Utasikia watu wakiuliza, "Kwani tulinunua nini?" Jibu lake halihitaji pesa kila mara. Aghalabu linahitaji subira na kupima.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu msamiati. Kipakatalishi ni ile kompyuta ya kubebwa mkononi na kupakatwa mapajani, ambayo wengi wetu huiita leptopu. Kisambazi nitakiita kile kisanduku cheupe chenye taa ndogo kinachobandikwa darini au ukutani, ambacho hupokea mtandao kwa waya na kuurusha hewani. Ruta ni kifaa kinachounganisha jengo zima na kampuni ya intaneti. Swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya nyaya. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa chake, kwa mfano kadi ya Wi-Fi.

1. WI-FI NI MAZUNGUMZO

Wengi hudhani Wi-Fi ni kama maji ya mfereji, kwamba ukiweka mfereji mkubwa, maji yatakuja mengi. La, hasha! Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili kwa mawimbi ya redio. Kisambazi kinasema, kipakatalishi kinajibu. Upande mmoja ukiwa mjuzi na mwingine mwanagenzi, mazungumzo hufuata uwezo wa yule mwanagenzi. Mzaliwa wa Lamu akizungumza na mgeni aliyeanza kujifunza Kiswahili juzi, hawezi kumwagia lahaja yote. Itabidi ashuke mpaka waelewane.

Kanuni za mazungumzo haya zimekuwa zikibadilika. Ya kwanza, iitwayo 802.11, ilitoka mwaka 1997 na kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikaja 802.11b yenye megabiti 11. Mwaka 2003 ikaja 802.11g yenye megabiti 54. Mwaka 2009 ikaidhinishwa 802.11n inayoweza kufika megabiti 600, na mwaka 2013 ikafuata 802.11ac. Kanuni ya 802.11ax ilichapishwa mwaka 2021. Kwa kuwa majina haya yanachosha ulimi, shirika la Wi-Fi Alliance liliamua mwaka 2018 kuyarahisisha: n ikawa Wi-Fi 4, ac ikawa Wi-Fi 5, na ax ikawa Wi-Fi 6. Kwa hivyo ukibandika darini kisambazi cha Wi-Fi 6, halafu ukakaa chini yake na kipakatalishi cha Wi-Fi 4, mtazungumza kwa Wi-Fi 4. Kisambazi hakiwezi kukibadilisha kipakatalishi chako.

Jambo la pili: hewani huzungumza mmoja kwa wakati. Mfano wake ni baraza la chifu. Wananchi mia wanaweza kuhudhuria, lakini wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika, basi kila mmoja hungoja zamu yake. Akisimama mzee anayesema polepole, baraza zima hungoja. Vivyo hivyo, kipakatalishi kimoja cha kasi ndogo hula muda wa wenzake wote walio kwenye chaneli ileile. Ndiyo maana hata kile kiwango kinachoandikwa kwenye kifaa hakipatikani chote. Ukiona megabiti 54, tarajia kama nusu yake tu katika matumizi ya kawaida.

Jambo la tatu ni masafa. Visambazi vingi hutumia masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 ni kama ngoma, hupenya kuta na kufika mbali, lakini nafasi yake ni finyu na imejaa kelele. Bluetooth iko hapo, na hata jiko la maikrowevu hutoa mawimbi hapo hapo. Yale ya 5 yana nafasi kubwa na utulivu, ila huchoka upesi yakikutana na ukuta wa mawe. Katika masafa ya 2.4 kuna chaneli tatu tu ambazo hutumika bila kuingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Shika hizo namba, tutazirudia.

2. KISA CHA CHUMBA CHA WALIMU

Sasa wacha niwape mfano halisi. Muhula uliopita chumba cha walimu hapa shuleni pamoja na ofisi iliyo kando yake viliwekewa visambazi vitatu vya Wi-Fi 6 badala ya kile kimoja cha zamani. Mafundi waliovileta walitumia jina lilelile la mtandao na nywila ileile, ili walimu wasisumbuke kuandika upya. Ilionekana ni wema. Lakini tangu siku hiyo vipakatalishi vya walimu, ambavyo ni kumi na kimoja, vilianza kutambaa. Ukurasa wa kuingiza alama ulichukua muda hata mwalimu akaweza kusahihisha daftari mbili akiungoja.

Haya hayakuwa mambo ya mzaha. Alama zote zilitakiwa kuingizwa kabla ya Ijumaa ili ripoti zichapishwe, nasi wa kutwa tungepewa ripoti hizo mkononi tuwapelekee wazazi. Zaidi ya hayo, lilizuka pendekezo kwamba vipakatalishi vyote ni vizee na vinunuliwe vingine, na fungu la pesa lililotajwa ni lile la vitabu teule vya fasihi. Sisi ambao husoma kitabu kimoja wanafunzi wanne tulishtuka sana.

Fundi wa maabara ya kompyuta aliitwa, nasi wanachama wawili wa Chama cha Kompyuta tukamfuata kubeba nyaya. Mwalimu wetu wa Hisabati alimpokea kwa maneno haya:

"Kijana, hivi vitu vipya vimekuja kutusaidia ama kutuadhibu?"

"Mwalimu, kabla hatujahukumu, hebu tupime kwanza."

"Tupime nini na kila mtu anaona ni polepole?"

"Polepole ni lalamiko, Mwalimu. Mimi natafuta namba."

Mwalimu wa Hisabati alicheka. Akiambiwa habari za namba hawezi kubisha.

Kipimo cha kwanza: fundi alichomeka kipakatalishi kimoja kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Shule inalipia megabiti 40 kwa sekunde, naye akapata 38. Basi kampuni ya intaneti haikuwa na hatia.

Kipimo cha pili: alichukua waya uliokuwa umeingia kwenye kisambazi akauchomeka kwenye kipakatalishi. Akapata 38 tena. Waya na swichi navyo vikaachiliwa huru.

Kipimo cha tatu: aliweka kipakatalishi kilekile kwenye Wi-Fi, juu ya meza iliyo chini ya kisambazi. Akapata 3. Halafu simu ya mwalimu mmoja, juu ya meza ileile, ikapata 33! Hapo sote tukatazamana. Kisambazi kimoja, chumba kimoja, dakika moja, na tofauti ni kama ya punda na gari la moshi. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye yale mazungumzo ya kisambazi na kipakatalishi.

Fundi akafungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika: netsh wlan show interfaces. Kompyuta ikamwonyesha hali ya Wi-Fi yake. Mambo matatu yalijitokeza.

La kwanza, kwenye mstari wa "Cipher" paliandikwa TKIP. Hii ni namna ya zamani ya kuficha siri za mtandao. Ililetwa mwaka 2003 pamoja na WPA kama kiraka cha muda, na mwaka 2004 ikaja WPA2 yenye AES ambayo ni imara zaidi. Kanuni ya 802.11n haikubali kasi zake kubwa zitumiwe pamoja na TKIP. Kifaa kikishika TKIP, hurudi kwenye kasi ya zamani, isiyozidi megabiti 54. Visambazi vipya vilikuwa vimewekwa katika hali ya mchanganyiko, yaani vinakubali TKIP na AES zote. Simu zilichagua AES. Vipakatalishi, kwa kuwa jina na nywila havikubadilika, viliendelea na kumbukumbu ya zamani: "Mtandao huu naujua, tunatumia TKIP." Ule wema wa mafundi ndio uliotuponza.

La pili, chaneli ilikuwa ya 6. Alipozunguka vyumba vyote viwili, visambazi vyote vitatu vilikuwa kwenye chaneli ya 6, tena kwa upana wa megahezi 40 badala ya 20. Hilo ni baraza tatu kufanyiwa chini ya mwembe mmoja.

La tatu, vipakatalishi saba kati ya kumi na kimoja vina uwezo wa masafa ya 5, lakini vilikuwa vimeng'ang'ania 2.4. Vinne vilivyobaki havina uwezo huo kabisa.

Dawa yake ilikuwa hii. Fundi aliingia kwenye mipangilio ya visambazi akaweka WPA2 yenye AES pekee. Akagawa chaneli za 2.4: kimoja ya 1, kingine ya 6, cha mwisho ya 11, kwa upana wa megahezi 20. Masafa ya 5 akayapa jina lake, ili vile saba viende huko bila kubahatisha. Kisha kwenye kila kipakatalishi tukausahaulisha mtandao wa zamani na kujiunga upya. Kazi yote ilichukua alasiri moja.

Matokeo? Vile saba vilipata megabiti 34 hivi. Vinne vya zamani vilipata kati ya 14 na 16, ambazo kwa kuingiza alama ni nyingi mno. Kimoja tu kilibaki na 6, nacho kilikuwa kikitumia betri katika hali ya kubana umeme. Tulipoondoa hali hiyo kwenye kadi ya Wi-Fi, kikawafuata wenzake. Alama ziliingizwa Alhamisi. Pesa za vitabu zilibaki kuwa za vitabu.

3. HATUA ZA KUFUATA

Msomaji mpendwa, kisa hicho ni kimoja tu. Kwenu chanzo kinaweza kuwa kingine kabisa, lakini njia ya kukitafuta ni ileile: anza mbali, kaza duara polepole, na usibadilishe mambo mawili kwa pamoja.

(a) Pima kwa waya kwenye ruta. Ukipata kasi ndogo hapo, usihangaike na Wi-Fi, mpigie simu mwenye kuwauzia intaneti.

(b) Pima kwa waya wa kisambazi. Waya wa mtandao una jozi nne za nyuzi. Kasi ya megabiti 1000 huhitaji jozi zote nne, lakini ya 100 huhitaji mbili tu. Uzi mmoja ukikatika, muunganisho unaweza kushuka hadi 100 bila kulalamika. Kama intaneti yenu ni ya megabiti 40 hutaona tofauti, kama ni ya 300 utaona.

(c) Angalia umeme wa kisambazi. Visambazi vingi hulishwa umeme kupitia waya huohuo wa mtandao. Swichi za kanuni ya 802.3af ya mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na zile za 802.3at ya mwaka 2009 hutoa hadi 30. Vifaa vipya vingi vinahitaji hizo zaidi. Vikipewa chache, baadhi huwaka tu lakini huzima sehemu ya redio zake. Mtu aliyekosa staftahi huja darasani, ila usitarajie ajibu maswali.

(d) Linganisha vifaa viwili mahali pamoja. Kama simu ina kasi na kipakatalishi hakina, chunguza kipakatalishi. Kama vyote vinatambaa, chunguza kisambazi na chaneli.

(e) Soma namba za kipakatalishi. Kwenye Windows tumia ile amri niliyoitaja. Tazama mistari ya "Radio type", "Cipher", "Channel", "Receive rate" na "Signal". Ukiona 802.11g kwenye kifaa cha kisasa, jua kuna jambo.

(f) Pima safari ya ndani. Andika ipconfig upate anwani ya ruta kwenye mstari wa "Default Gateway", kisha andika ping na anwani hiyo. Majibu yakija kwa milisekunde chache, hewa ni nzuri. Yakija kwa mamia, au mengine yakipotea njiani, kuna msongamano au umbali.

(g) Sasisha draiva. Baadhi ya kadi za Wi-Fi zenye draiva za zamani haziwezi hata kuuona mtandao wa Wi-Fi 6, na nyingine huuona lakini hukatikakatika. Chukua draiva kutoka kwa aliyetengeneza kadi au kompyuta yenyewe, si kwa wapita njia.

(h) Sahau mtandao, ujiunge upya. Ni hatua ndogo, lakini umeona ilivyotufaa.

(i) Chunguza ung'ang'anizi. Vipakatalishi vina tabia ya kushikamana na kisambazi cha mbali ilhali kuna kingine karibu. Ukihama chumba, zima Wi-Fi kisha uiwashe. Kama hilo linatokea kila siku, msimamizi apunguze nguvu za visambazi. Watu hudhani kuongeza nguvu ndiyo dawa, lakini sauti kubwa ya kisambazi haisaidii kama sauti ya kipakatalishi ni ndogo na haimfikii.

4. TAHADHARI

Kwanza, usiingie kwenye mipangilio ya visambazi bila ruhusa ya mwenye mamlaka. Kinachofanywa kwa kificho huzua lawama hata kikiwa kizuri. Pili, kabla ya kubadilisha lolote, andika lilivyokuwa, ili ukikwama uweze kurudi. Tatu, usiondoe nywila ati mtandao uwe mwepesi. Nywila haipunguzi kasi, na mtandao usio na ufunguo huingiliwa na kila apitaye nje ya ua. Nne, ukiweka AES pekee, kifaa kikongwe sana kinaweza kukataliwa. Usiogope sana, kwa maana tangu mwaka 2006 kila kifaa kipya kilichotaka cheti cha Wi-Fi kililazimika kuijua WPA2. Na kama kipakatalishi kizima kina kasoro ya kadi ya Wi-Fi tu, kuna adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kipakatalishi kipya. Huwezi kuchoma nyumba kwa sababu ya kunguni mmoja.

5. TAMATI

Kwa kumalizia, naomba tulishike fundisho moja. Kifaa kipya hakifanyi kazi peke yake, hukutana na vya zamani vilivyokuwapo, na ugomvi wao hutokea hapo vinapokutana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hivyo asiyepima asiseme kompyuta ni mbovu, wala asiidhinishe pesa zitoke. Atakayeangalia mambo hatua kwa hatua, hata akiwa mwanafunzi wa kutwa asiye na kompyuta nyumbani, anaweza kuisaidia shule yake kuhifadhi pesa za vitabu.

ZOEZI

1. Eleza kwa nini kipakatalishi cha Wi-Fi 4 hakiwi cha Wi-Fi 6 kwa kuwekewa kisambazi kipya.

2. Ofisi fulani ina visambazi vitatu vilivyo karibu karibu. Utavipa chaneli zipi katika masafa ya gigahezi 2.4, na kwa nini?

3. Kwa waya umepata megabiti 48. Kwa Wi-Fi, kipakatalishi kimepata 4 na simu iliyo kando yake imepata 4 pia. Je, utaanza kuchunguza wapi?

4. Kipakatalishi kinaonyesha "Cipher" kuwa TKIP. Taja mambo mawili utakayoyafanya, moja kwenye kisambazi na moja kwenye kipakatalishi.

5. Nenda kwenye ofisi au kompyuta yoyote uliyoruhusiwa kuitumia. Pima kasi asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku tatu, uandike namba zako kwenye jedwali, kisha ulilete kwenye mkutano wa chama tulijadili.